Ba anataka nikeshe naye hekaluni, na usiku wenyewe uko ndani ya kumi la mwisho

Assalaam alaykum, Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ngamiani hapa Tanga, kazi yangu ni ushonaji. Nashona blauzi za sari, madera na sare za shule. Fremu ninayoshonea iko katikati ya mji na ni ya mama mmoja wa Kigujarati, mtaa mzima tunamwita Ba. Yeye anakaa ghorofani, mimi niko chini. Anakaribia miaka 80. Magoti yamechoka, ana kisukari na presha, na usiku haoni vizuri.

Ba ni mtu wangu. Nilipojifungua kwa upasuaji nikakaa muda bila kushona, hakunidai kodi hata siku moja, nililipa kidogo kidogo nilipopata nguvu. Binti yangu hesabu za kugawanya amefundishwa na yeye, wamekaa pale kwenye ngazi. Idi anashuka kutupa mkono, Diwali tunapanda kumsalimu.

Kila mwaka Ba anakesha hekaluni usiku wa Shivaratri, mkesha mkuu wa Wahindu kwa mungu wao Shiva. Aliyekuwa akimpeleka ni mwanawe wa kiume, naye amehamia Uingereza. Mwaka huu wa 2026 alikwenda na dereva wa bajaji tu, na nusura aanguke. Tangu hapo ananiambia, "Mwakani utanipeleka wewe, utakaa na mimi mpaka katikati ya usiku." Nami nikamwitikia Inshallah, kama mtu anavyomwitikia mkubwa wake. Baadaye nikaambiwa tarehe: Jumamosi, 6 Machi 2027. Nikahesabu. Ni Ramadhani, tena kumi la mwisho.

Mume wangu nilipomwambia alinyamaza, kisha akasema, "Wewe unajua." Mama yangu amesema waziwazi kuwa hiyo ni shirki na nisimwambie habari hiyo tena. Binti yangu ana miaka 12 na anataka twende wote akaone. Sheikh sijamuuliza, naogopa jibu.

Shangazi, sijui hata ndani kunafanyika nini usiku huo na mimi nitatakiwa kufanya nini. Nikikataa, naogopa atavunjika moyo, na sitakuficha, naogopa pia habari ya fremu. Nikikubali, naogopa kwa Mola wangu na naogopa maneno ya watu. Nifanyeje?

Fundi Cherehani, Tanga

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma kwa utulivu, na ninavyoiona mambo matatu yamefungwa fundo moja: kuna mama mzee anayehitaji mkono wa kushikwa usiku, kuna ibada isiyo yako, na kuna fremu unayopata riziki ndani yake. Ukiyabeba yote kwa pamoja utaona huna pa kutokea. Tuyafungue moja moja.

Tuanze na tarehe, kwa sababu wewe unaiona kama bahati mbaya ya mwaka mmoja. Shivaratri kuu huwa usiku wa 14 wa nusu ya mwezi inayopungua, yaani usiku wa giza kabla mwezi haujapotea kabisa. Sisi tunaanza kuhesabu mwezi ukishaandama. Kwa hiyo usiku huo kila mwaka huangukia kwenye tarehe 27, 28 au 29 hivi za mwezi wetu. Mwaka 2026 ilikuwa 15 Februari, Shaabani ikiishia. Mwaka 2027 itakuwa mwisho wa Ramadhani: mwezi ukiandama mapema huo ni usiku wa 28, ukichelewa siku moja ni usiku wa 27, na huna haja ya mimi kukwambia watu wa Tanga wanauchukuliaje usiku wa 27. Na mwaka 2028 itaangukia Ramadhani vilevile. Kwa hiyo jibu utakalompa Ba ni la miaka, na ni vizuri ulifikirie hivyo tangu sasa.

Umeuliza ndani kunafanyika nini. Usiku hugawanywa mafungu manne, kila fungu huitwa prahari, kuanzia jua kuzama hadi kuchomoza. Kwa Tanga mwezi wa Machi jua linazama kama saa 12:40 jioni, kwa hiyo fungu la kwanza linakwenda hadi saa 3 na nusu na ushei, la pili hadi saa 6 na nusu usiku, la tatu hadi saa 9 na nusu, la nne hadi kunakucha. Katika kila fungu jiwe la Shiva, lingamu, huogeshwa: maji, maziwa, mtindi, samli, asali, sukari, kisha maji tena. Wanaofuata utaratibu kamili hutilia mkazo kitu kimoja kila fungu, maziwa kwanza, mtindi la pili, samli la tatu, asali la nne. Juu yake huwekwa majani ya mbilva, yale yanayoota matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, na jani lililochanika halitumiki. Wakati wote huo watu wanarudia jina la Shiva kwa sauti ya pamoja, wengine wanahesabu kwa shanga. Katikati ya usiku, hapo saa 6 na nusu, ndiyo saa wanayoitukuza kuliko zote. Ba anaposema "katikati ya usiku" ndiyo anayoikusudia.

Kisha huja arati. Taa ya tambi za samli au kafuri inawashwa, inazungushwa mbele ya sanamu kwa mwendo wa saa, kengele zinalia na kombe la baharini linapulizwa. Nakwambia mapema kwamba sauti ni kubwa, ukumbi ukiwa mdogo utashtuka. Baada ya hapo sinia la taa hupitishwa kwa waliohudhuria. Mtu hupitisha viganja juu ya moto na kuvigusisha machoni na kwenye paji la uso, wengi huweka sarafu. Tena hugawiwa prasadi, yaani chakula kilichokwisha kutolewa mbele ya sanamu: kijiko cha ule mchanganyiko wa maziwa na asali kwenye kiganja cha kulia, matunda, vitamu. Huenda ukapakwa alama ya msandali au majivu kwenye paji, huenda ukafungwa uzi mwekundu mkononi.

Sasa angalia, kati ya hayo yote hakuna ambalo mgeni analazimishwa. Sinia likifika kwako, weka mkono wa kulia kifuani, tabasamu, litapita. Prasadi vivyo hivyo. Ukikaa nyuma kabisa upande wa wanawake hata hutafikiwa na mengi ya haya. Tatizo huja pale mtu anapoona haya kukataa mbele za watu, akajikuta kaletewa na kapokea, kisha anarudi nyumbani roho inamuuma. Kama utakwenda, Ba awaambie wenzake kabla kwamba umekuja kumshika mkono. Neno likitoka kwake hakuna atakayekusogezea sinia.

Yapo mengine ambayo huyafikirii kwa kuwa hujawahi kuingia. Viatu vinavuliwa nje, na watu huosha miguu. Mtandio kichwani hauna neno kabisa, ila baibui jeusi baadhi ya wazee hawalipendi kwenye shughuli zao za heri. Dera la rangi na mtandio vinatosha. Aliyekula nyama au samaki siku hiyo wengi wao huona vibaya aingie, na vitunguu na thomu navyo wengine huviepuka. Kwa hiyo futari yako siku hiyo ingekuwa ya tende, mihogo ya nazi, maharage, na samaki wasubiri daku. Tena, kwa wazee wa rika la Ba, mwanamke aliye katika siku zake haingii hekaluni. Hili peke yake linatosha kukuonyesha kwamba Ba anahitaji mtu wa akiba hata kama wewe ungekuwa umekubali kwa moyo wote, maana huwezi kumuahidi tarehe miezi mingi mbele.

Kuna jambo ambalo katika barua umeligusa kwa neno moja tu, nusura aanguke. Mimi hapo ndipo ninapopaogopa kuliko pote. Usiku wa Shivaratri sakafu ya hekalu huloa maji, maziwa, samli na asali, na watu wote wako miguu mitupu. Maji yaliyoogeshea jiwe hutoka kwa mfereji mdogo upande mmoja. Wanaozunguka jiwe hawamalizi duara, wakifika kwenye mfereji hugeuka na kurudi walikotoka kwa kuwa hauvukwi. Basi pale watu wanageuka ghafla, na ndipo samli inapojikusanya. Mzee mwenye magoti mabovu akiteleza pale akavunjika nyonga, hiyo si habari ya wiki moja. Anayemshika asimame upande wake dhaifu, amshike mkono na kumzungushia mkono mwingine kiunoni, awe na taulo kavu la kumfuta nyayo kila anapotoka kwenye majimaji. Na mwambie Ba aombe kiti cha plastiki pembeni ya ukuta. Wazee wengi hukesha kwenye kiti na hakuna anayewashangaa.

Halafu kisukari. Ba atakuwa amefunga kutwa na usiku kucha, hali nafaka. Wapo wanaofunga bila hata maji, lakini kwa wazee na wagonjwa inakubalika mfungo wa matunda, maziwa, viazi na karanga. Hilo aongee na daktari wake kabla, hasa kama anatumia dawa za kushusha sukari au sindano, maana dawa ikiingia na chakula hakuna, sukari hushuka. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, kuongea ovyo au kusinzia ghafla, na katika mkesha kila mtu atadhani ni usingizi tu. Yeyote atakayekaa naye awe na sukari vijiko vitatu au vinne vya chai na kikombe cha maji ndani ya mkoba. Ampe anywe kama bado ana fahamu za kumeza, angoje robo saa, na hali isipobadilika ampe tena na wampeleke hospitali. Akiwa hajitambui asimimiwe kitu mdomoni, akimbizwe moja kwa moja.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu nataka ujiulize Ba amekuomba nini hasa. Je, amekuomba uabudu naye? Au amekuomba bega? Wewe barua yako yote umeisoma kama ya kwanza, na mama yako ameisikia hivyohivyo. Huenda ni kweli, huenda kuna furaha anayoitaka ya kukaa na wewe mbele ya Mungu wake. Lakini huenda pia mzee ameogopa ngazi, mwanawe yuko mbali, na mtu anayemwamini mtaani ni wewe. Hujamuuliza. Kumuuliza hakukufungi kwa lolote.

Kwa upande wa dini, mimi si mufti na sitakupa fatwa. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kushiriki ibada ya dini nyingine, kwa maana ya kuinama, kutoa sadaka kwa sanamu, kupokea alama, hilo wanazuoni wetu wanalikataza bila mjadala. Mjadala uko kwenye kuingia tu mahali hapo. Wapo wanaokataza, hasa penye masanamu, wapo wanaochukia bila kuharamisha, wapo wanaoruhusu kwa haja bila kushiriki. Chakula kilichotolewa kwa sanamu nacho wengi wanasema kiepukwe hata kama si nyama. Na wema kwa asiyekupiga vita katika dini umetajwa waziwazi katika Suratul Mumtahina, aya ya 8. Kwa hiyo ukienda kwa sheikh usimuulize "naweza kwenda hekaluni?" Swali hilo litapata jibu fupi. Mweleze yote: mzee, mgonjwa, hana mtu, nitamshika mkono, sitapokea kitu, nitafika hapa na kuishia hapa. Kusema unaogopa jibu nakuelewa, lakini usipouliza hofu hiyohiyo utaenda nayo au utabaki nayo nyumbani.

Njia zilizo mbele yako naziona kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kuingia naye kwa sehemu ya usiku. Ukishafuturu na kuswali magharibi na isha, ukaondoka nyumbani saa 3 au saa 4 usiku, ungewahi fungu la pili na ile saa ya katikati, ukatoka saa 7. Utakuwa umempa Ba kile alichokitaja, lakini huenda tarawehe ya msikitini usiku huo ukaikosa, na kisimamo chako kitabaki cha nyumbani, umechoka, kabla ya daku. Maneno ya watu hayataepukika. Tanga ni mji mdogo na bajaji ina macho. Kama mama yako atayasikia kwa jirani kabla hajayasikia kwako, jeraha litakuwa la pili juu ya la kwanza.

Unaweza kumfikisha mlangoni ukamkabidhi kwa wanawake wa jumuiya yao, ukarudi kumchukua kwa wakati mliokubaliana. Hekalu lina watu wa kupanga shughuli za sikukuu, na akina mama ndio hubeba kazi kubwa. Kwenda kuzungumza nao miezi miwili kabla, kwamba kuna mzee wao anahitaji mtu wa kukaa naye, si aibu kwa Ba wala kwako. Hatari yake ni kwamba Ba anaweza kuona umemtua kama mzigo, hivyo namna ya kumwambia ndiyo kazi yenyewe. Tena uwe na uhakika kwamba huyo aliyekabidhiwa atakaa karibu naye kweli, kwa sababu usiku ule kila mtu ana lake.

Au unaweza kumpa usiku mwingine. Shivaratri ndogo ipo kila mwezi, na Jumatatu ni siku ya Shiva kwao. Ukimpeleka jioni ya kawaida, arati yenyewe haizidi sana robo saa, sakafu kavu, watu wachache, nawe umekaa nje kwenye benchi au popote dhamiri yako inapoishia. Haitakuwa sawa na usiku mkuu, na Ba analijua hilo vizuri kukuzidi. Lakini kwa mtu asiyeweza kutoka peke yake, kupelekwa mara nne tano kwa mwaka si jambo dogo.

Na unaweza kukataa. Kukataa si ukatili. Ba amefunga na kuswali kwa dini yake maisha yake yote, nadhani anaelewa kuliko watu wengi maana ya mtu kuwa na usiku wake asioweza kuuacha. Ukimwambia, "Ba, usiku ule nami nina wangu, ni kumi la mwisho," sidhani kama utakuwa umemtukana. Lakini mwambie mapema. Mzee anayeambiwa Februari hana tena nafasi ya kumpata mtu, na Inshallah yako ile yeye ameihesabu kuwa ahadi.

Binti yako ni jambo lake peke yake. Umri wa miaka 12 ni umri wa kuuliza mengi, na usiku wa manane kwenye msongamano si mahali pa kuyajibu, huku mkono wako mmoja umemshika Ba. Kama baba yake na wewe hamna pingamizi, mchana Ba mwenyewe anaweza kumweleza pale kwenye ngazi wanaposomea. Na baba yake, mwanangu, hajakupa ruhusa wala katazo. "Wewe unajua" inaweza kuwa imani kwako, inaweza kuwa hasira iliyomezwa. Mketishe, muulize hasa kinachomsumbua ni hekalu, ni saa, au ni majirani. Kila moja ina dawa yake tofauti.

Limebaki la fremu, na nashukuru umelisema wazi. Tazama ulivyoandika mwenyewe: huyu ni mtu aliyekuacha bila kudai kodi ukiwa huna kitu. Hofu kwamba atakufukuza kwa sababu ya usiku mmoja, je, imetoka kwenye tabia yake au imetoka kwenye wasiwasi wa mpangaji yeyote? Kama hakuna dalili, usiiweke kwenye mizani hii, maana itakufanya ukubali kwa woga jambo ambalo ungelikataa kwa heshima, au kinyume chake. Hata hivyo hofu ya mpangaji ina msingi mmoja wa kweli: Ba ni mzee, mwanawe yuko ng'ambo, na kama mmekuwa mkipangishana kwa mdomo, siku moja utazungumza na huyo kijana na si na yeye. Ombeni mkataba wa maandishi wenye muda, kodi na sahihi zenu wote wawili mbele ya shahidi, na ulifanye mwezi ambao hakuna habari ya hekalu mezani, ili asidhani unamuuzia mkono wako.

Ukishakaa na Ba, na mumeo, na sheikh, niandikie tena uniambie Ba alisema nini ulipomuuliza.